Majibu Yetu Yanarudi Lini?

Maneno haya niliyasema Arusha, mbele ya wenyeviti wa mitaa, watendaji, vijana wa kompyuta na wakazi waliokuja kujadili namna jiji linavyoweza kufungua takwimu zake kwa wananchi. Nimeombwa niyaandike. Nimeyaacha karibu kama yalivyotoka mdomoni.

Mwenyekiti wa kikao, waheshimiwa wenyeviti wa mitaa, watendaji wetu, wazee wangu shikamooni. Na ninyi wanangu mliokaa nyuma na kompyuta mapajani, hamjambo.

Nimepewa nusu saa na mada yenye jina refu: ushirikishwaji wa wakazi katika sera na programu za takwimu huria za jiji. Jana nilimsomea jirani yangu anayeuza ndizi soko la Kilombero. Akaniuliza, "Mama, hiyo ni semina ya posho?" Nikamwambia hapana, hata maji ya kunywa sina hakika. Akasema basi watakaokuja ni wenye shida kweli. Kwa hiyo karibuni, wenye shida.

Niiseme mada kwa lugha ya jirani yangu. Halmashauri ina hesabu na orodha nyingi. Mamlaka ya maji inazo, zahanati inazo, shule inazo, hata mwenyekiti wa mtaa ana daftari lake. Takwimu zinakuwa huria pale zinapowekwa mahali ambapo mtu yeyote anaweza kuzichukua bila kulipa wala kuomba kibali, akazipanga anavyotaka na kuzitumia kwenye kazi yake. Ile karatasi iliyopigwa picha ikiwa imepinda, muhuri umekaa juu ya tarakimu, haimo. Kijana anayetaka kuijumlisha itabidi aanze kuandika upya namba moja moja kama mwanafunzi aliyepewa adhabu.

Sasa niwaambie nilikotoka. Nimekuwa karani wa takwimu, baadaye afisa mipango, katika halmashauri ambayo sitaitaja. Mwaka 2012, wakati wa sensa, nilikuwa nasimamia makarani, na siku moja nilimsindikiza binti mmoja mgeni wa kazi kwenye nyumba moja Unga Limited, hapa hapa mjini. Mama mwenye nyumba akajibu maswali yote kwa uvumilivu. Wangapi walilala hapa, choo cha aina gani, mnapikia nini, maji mnachota wapi. Alipomaliza akanitazama mimi, maana aliona ndiye mkubwa, akasema, "Haya majibu yetu yanarudi lini?"

Nikacheka. Nikamweleza kwamba yanakwenda kwenye mipango ya maendeleo ya taifa. Akanikata: "Sijauliza yanakwenda wapi. Nimeuliza yanarudi lini."

Mimi nimestaafu, na swali la yule mama bado liko mezani.

Hebu tujikumbushe tumehesabiwa mara ngapi. Sensa ya 2012. Kitambulisho cha taifa, ukatoa vidole vyote kumi. Laini ya simu, ukatoa vidole tena. Mwaka 2022 wakaja wa anwani za makazi, wakabandika namba mlangoni. Agosti mwaka huohuo ikaja sensa nyingine, ya vishikwambi. Katikati hapo wamepita wa TASAF, ule mfuko wa kusaidia kaya maskini, wa chanjo, wa vyandarua, na mwanafunzi wa chuo anayefanya utafiti wake. Sensa ilipokwisha, vishikwambi vikaenda kwa walimu na majibu yetu yakaenda Dodoma.

Nisiwaonee wa Dodoma. Ofisi ya Taifa ya Takwimu ilichapisha matokeo, na idadi ya watu iko mpaka ngazi ya kata. Tunajua jiji hili lina watu zaidi ya laki sita katika kata 25. Lakini naomba mnyooshe mikono: nani kati yenu wenyeviti amewahi kuona ukurasa wa kata yake umebandikwa kwenye ofisi ya mtaa? ... Mmoja. Na yeye nadhani ananifurahisha.

Hapo ndipo ninapotaka kusimama leo. Miji mingi ikisikia takwimu huria hukimbilia kujenga tovuti. Wanaita wataalamu, wanakusanya majedwali yaliyopo, wanayapandisha, mgeni rasmi anakata utepe. Wakazi wanaalikwa siku ya utepe. Mimi nasema mambo yaanze upande wa pili, kwenye swali ambalo mkazi tayari analiuliza kwenye mkutano wa mtaa. Tutafute ni namba gani inalijibu, tuifungue hiyo kwanza, tumrudishie. Tovuti itafuata ikibidi.

Wengine mtasema haya ni mageni. Mimi nimezaliwa Kibosho, kwa wakulima wa kahawa. Chama cha kwanza cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro kiliundwa mwaka 1925, na KNCU yenyewe, chama kikuu cha ushirika wa kahawa wa kule, ikaja 1933. Nilipokuwa mtoto, siku ya kupeleka kahawa chama cha msingi, baba alikuwa anasimama karibu na mizani hata kama hana gunia siku hiyo. Mizani ilikuwa mahali pa wazi, kila mtu anaona mshale unasimama wapi. Karani anataja kilo kwa sauti, anaandika stakabadhi, na mkulima anakwenda kwenye ubao kutazama bei ya malipo ya awali. Bei ya mnada wa Moshi ikipanda, watu wanaanza kuuliza malipo ya pili. Baba hakumaliza hata darasa la nne, lakini kilo zake mara bei ya ubaoni alizipiga kichwani kabla karani hajashika kalamu. Hakuna aliyemfundisha kusoma takwimu. Alizisoma kwa sababu zilikuwa zake, zinahusu ada ya watoto wake, na ziliandikwa kwa maneno anayoyajua mahali anapopita.

Mkitaka kujua ubao wa matangazo wa mtaa wako una afya gani, utazame kwa jicho la baba yangu. Una nini pale ambacho mtu atapiga hesabu kichwani?

Sasa nikubali kosa langu, maana sikuja hapa kusema wengine tu.

Sisi wa huku chini ya Mlima Meru tunaijua floraidi hata kabla ya kujua jina lake. Tunaiona kwenye meno. Mtu wa Arusha akienda Dar es Salaam akacheka, wanamuuliza wewe ni wa kule. Miamba ya volkano ndiyo inayotia madini hayo kwenye maji, na si kila chanzo ni sawa. Kisima kimoja kinaweza kuwa na maji mazuri, cha jirani yake, si mbali, kikawa kibaya sana. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Nchi yetu kwa miaka mingi iliruhusu kiwango cha juu ya hapo kwa sababu vyanzo vyetu vingi visingepita. Na kuna sehemu za Meru, upande wa Maji ya Chai, ambako maji yamepita mbali kabisa, na watoto wamepinda miguu. Kuchemsha hakusaidii. Unapochemsha, maji yanapungua, floraidi inabaki, kwa hiyo unaikoleza. Magadi nayo, haya tunayotia kwenye makande, yanaongeza. Pale Ngurdoto kuna kituo ambacho kwa miaka wamekuwa wakichuja maji kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe.

Katika ofisi yangu kulikuwa na kabati la chuma, na ndani yake faili la vipimo vya visima. Miaka mingi ya vipimo. Siku moja akaja kijana, anataka kumchimbia mama yake kisima, kaweka akiba. Akauliza kwa adabu kama tuna majibu ya maji ya eneo lile. Nilijua tunayo. Nikamwambia aandike barua kwa mkurugenzi. Akaandika. Barua ikaja kwangu, nikaipeleka kwa bosi, bosi akaandika "tujadili". Hatukujadili. Hakuna sheria iliyonikataza kumfungulia lile faili. Nilikuwa naogopa tu, na hata leo nikiulizwa nilikuwa naogopa nini sina maelezo mazuri. Yule kijana akachimba. Maji yakatoka mengi, wakafurahi, wakanywa.

Vipimo vya visima viwili vya jirani vilikuwa kabatini, na vyote viwili vilikuwa vibaya.

Tulikutana stendi miaka mingi baadaye. Akanisalimia vizuri tu, akanionyesha watoto wake wawili. Walipotabasamu nikaangalia chini.

Niongeze jambo moja kuhusu lile faili, maana vijana wa kompyuta mtalihitaji. Hata kama ningelifungua siku ile, huenda lisingemsaidia peke yake. Mle ndani visima viliandikwa "namba 3", "namba 7". Kule mtaani vinaitwa kisima cha msikitini, kisima cha Mzungu, kisima cha mwembeni. Mhandisi aliyeviandika alishahama. Kwa hiyo takwimu za maji za eneo lile zilikuwa sehemu mbili. Nusu kabatini kwangu, nusu vichwani mwa akina mama wanaochota. Wao ndio wanajua kisima namba 7 ni kipi, kilifunikwa mwaka gani, kile kipya kilichimbwa na kanisa lini, na watoto wa upande gani meno yao yameungua. Ndiyo maana nasema kumshirikisha mkazi si hisani wala mapambo ya ripoti. Bila yeye faili halikamiliki.

Wako waliowahi kufanya hivi vizuri, na si mbali. Mwaka 2011, Tandale kule Dar es Salaam, wanafunzi wa chuo na wakazi walitembea uchochoro kwa uchochoro wakachora ramani ya mtaa wao kwenye OpenStreetMap, ile ramani ya dunia ambayo mtu yeyote anaweza kuihariri. Kutoka 2015 kazi ikapanuka, ikaitwa Ramani Huria. Wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakaingia kwenye kata zinazofurika wakiwa na wenyeji, wakaandika mitaro, makalvati, njia za maji. Jirani zetu wa Kibera, Nairobi, walianza mapema zaidi, 2009. Kibera ilikuwa na maelfu kwa maelfu ya watu, lakini kwenye ramani ni doa tupu kama msitu.

Nairobi hiyohiyo, vijana wa chuo kikuu na wenzao wa Marekani walipanda matatu na simu mkononi, wakarekodi kila njia na kila kituo, mwaka 2014 wakatoa ramani ya njia zote za matatu. Hakuna ofisi iliyokuwa na takwimu hizo. Zilikuwa kwa makondakta. Nawaza tu kwa sauti: nani mwenye orodha kamili ya njia za vifodi vya Arusha, hizi daladala zetu ndogo, pamoja na zile anazokatisha dereva akiona trafiki mbele? Haiko ofisini hiyo. Muulizeni konda.

Mfano mmoja wa mbali, kwa sababu unanichekesha. New York walitunga sheria mwaka 2012 kwamba idara za jiji zichapishe takwimu zao. Miongoni mwa vitu vilivyotolewa ni orodha ya faini za maegesho. Mkazi mmoja, Ben Wellington, aliichambua akaona kuna mahali polisi wanaandikia watu faini kila siku kwa kuegesha mbele ya miteremko ya watembea kwa miguu, wakati sheria ilishabadilishwa na pale paliruhusiwa. Aliandika hayo mwaka 2016. Polisi wakaangalia hesabu, wakakiri kwamba askari wa doria hawakuielewa sheria mpya, wakasema watawafundisha. Sasa ninyi mnaopokea bili ya maegesho na namba ya malipo kwenye simu hapa mjini, fikirini kidogo. Mimi sina gari, kwa hiyo sitii neno.

Kinachonivutia pale ni kwamba yule bwana hakuitwa kwenye warsha. Alikuwa na swali lake, jedwali likawepo, na ofisi ikajibu. Hiyo ya tatu, ofisi kujibu, ndiyo ngumu kuliko zote.

Nije sasa kwenye jambo ambalo baadhi yenu hamtalipenda. Tanzania ilijiunga na ushirika wa kimataifa wa kuendesha shughuli za serikali kwa uwazi mwaka 2011. Tukafungua tovuti ya takwimu huria. Mwaka 2015 Dar es Salaam ikapokea mkutano wa takwimu huria wa Afrika nzima, watu wakasifu. Mwaka 2017 tukajitoa kwenye ule ushirika. Watu wa mashirika walisikitika, magazeti yaliandika. Lakini je, kuna mtaa wowote hapa uliouliza kwenye mkutano wake, jamani ule mlango umefungwa kwa nini? Mimi sikusikia hata mmoja, na sishangai. Huwezi kulilia mlango ambao hukuwahi kuupita. Kenya nao, Julai 2011 Rais Kibaki alizindua tovuti yao kwa shangwe, wakasifiwa barani kote, na baada ya muda majedwali yakaacha kuongezwa, ikabaki kama duka lenye bango zuri na rafu tupu. Programu isiyo na mkazi anayeitumia haina mtu wa kuitetea siku bosi mpya akija na mambo yake.

Kwa hiyo, mtendaji, ukiona mkazi anakusumbua kila wiki kuhusu namba fulani, usimchukie. Huyo ndiye atakayesimama nyuma yako.

Kuna woga nao, tuuseme. Mwaka 2018 Sheria ya Takwimu ilirekebishwa ikawa kosa kutoa takwimu zinazopingana na za serikali, na watu wengi wakanyamaza hata kwa mambo ya kawaida. Mwaka 2019 ikarekebishwa tena na kifungu hicho kikaondolewa. Lakini woga hauondoki kwa marekebisho. Bado nakutana na watendaji wanaodhani kutaja idadi ya matundu ya choo ya shule ni kuvujisha siri. Ndugu zangu, Ibara ya 18 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kupewa taarifa kuhusu mambo muhimu kwa maisha yake na kwa jamii. Na tunayo Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016. Raia akiomba kwa maandishi, ofisi ina siku zisizozidi 30 kumjibu. Si lazima jibu liwe ndiyo, maana zipo taarifa zinazozuiliwa na sheria imezitaja. Ila jibu lazima. "Tujadili" si jibu.

Upande wa pili wa woga una haki yake. Si kila kitu kifunguliwe. Tangu Mei 2023 inatumika Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Daftari la wakazi la mtaa, lenye majina, simu na nani analala na nani nyumba gani, hilo lifungeni vizuri kuliko sasa. Nimeliona kwenye ofisi moja limewekwa dirishani, mtoto anachorea kurasa za nyuma.

Mfano wa kupima ni mikopo ya asilimia kumi. Mnaijua: asilimia 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu, kutoka mapato ya ndani ya halmashauri. Ilisimamishwa mwaka 2023, ikarudi 2024 na utaratibu mpya. Kila mkutano wa mtaa nilioingia, swali ni hilohilo: wanapewa akina nani? Hapa hata huhitaji mtaalamu. Jina la kikundi, kata, kiasi, tarehe, kilichorejeshwa. Bandika. Jina la mwanakikundi mmoja mmoja, simu yake, ulemavu wake wa aina gani, hapana. Na mstari huo tusiuchore sisi peke yetu ofisini. Waulizeni wanavikundi wenyewe wanachotaka kionekane na wasichotaka. Nilipowauliza akina mama fulani nilidhani wataficha kiasi walichokopa. Wakasema kiasi weka, tarehe ya marejesho weka, ila msiandike tunafanyia biashara wapi, maana waume wa watu wengine watatufuata dukani kukopa. Mimi na shahada yangu nisingeliwaza hilo.

Sasa hili neno ushirikishwaji. Nimelitumia miaka yote ya kazi na nimelitumia vibaya. Rasimu ya mpango ilikuwa inafika imeshapigwa chapa. Tunaita watu ukumbini, mtu anasoma kurasa arobaini kwa Kiswahili cha ofisini, halafu "kuna maoni?" Mzee mmoja anashukuru, kikao kinafungwa, karatasi ya mahudhurio inaambatishwa, na kwenye ripoti tunaandika wakazi 86 walishirikishwa. Walisaini, ndivyo ilivyokuwa. Na sahihi yenyewe ilikuwa kwa ajili ya nauli.

Kama jiji litaandika sera ya takwimu huria, na nasikia kuna nia, naomba rasimu ya kwanza isiandikwe na mtu kama mimi. Mitaa michache ichaguliwe, tuseme mmoja wa Kaloleni, mmoja wa Daraja Mbili, mmoja kule Muriet zinakopelekwa taka zetu sote, mmoja Njiro ili tusiseme maskini tu ndio wenye maswali. Kwenye mkutano wa kawaida wa mtaa, si semina, watu waulizwe: ni jambo gani mnalouliza kila mara na hampewi hesabu yake? Maswali yaandikwe kama yalivyosemwa. Mtu akisema "gari la taka linapita lini hasa na sisi tunalipa kila mwezi", usiandike "changamoto katika usimamizi wa taka ngumu". Swali lenye gari, siku na malipo linakuambia takwimu tatu za kutafuta. Ukilifanya kuwa changamoto, limekufa.

Halafu kila swali lipewe mtu wa kulijibu na tarehe, na tarehe hiyo iandikwe kwenye ubao uleule. Mengine yatajibika kesho yake, kwa sababu namba ipo kwenye droo ya mtu. Mengine itaonekana hakuna ofisi inayoijua, na hilo nalo libandikwe: "Swali hili hatuna hesabu yake." Mkazi atakuheshimu zaidi kwa sentensi hiyo kuliko kwa chati ya rangi. Na pale itakapoonekana namba iko kwa wananchi, kama visima vyangu, basi vijana hawa wa nyuma watembee na wajumbe na akina mama, waiandike, kisha warudi na karatasi kwenye mtaa uleule kuuliza tumekosea wapi. Kurudi huko msikukwepe. Ndiko mtakakoambiwa kisima cha mwembeni hakina mwembe tena, waliukata.

Vijana, na ninyi neno moja. Mkitengeneza programu ya simu, vizuri. Lakini mama wa Unga Limited bando lake ni la kuongea na mwanawe aliye Mererani. Chapisheni kwenye karatasi pia. Someni kwa sauti kwenye kikao. Redio za hapa mjini zipo, na watu wanasikiliza asubuhi wakiosha vyombo.

Na suala la fedha, najua linakuja. Karatasi ya manila na kalamu nene haihitaji mfadhili.

Nimeleta hiyo hapa, iko ukutani kushoto kwenu, tupu, juu nimeandika tarehe ya leo tu. Mwenyekiti ameniambia muda wangu umeisha na kwamba sasa ni maswali kwangu. Nimemwomba tubadilishe: maswali yawe ya kwenu kwa jiji, na afisa wetu aliyekaa pale, ambaye amekubali, najua kwa shingo upande, ataandika kila moja na tarehe ya kulijibu mbele yake. Mzee wa Daraja Mbili mkono wake uko juu tangu nilipotaja gari la taka. Mpeni kipaza sauti, na taratibu, tuandike kama anavyosema.